Jinsi ya Kumchagua Mbwa wa Familia kwa Kutumia Kitabu cha Mbegu: Mwongozo Kamili

Lalamiko ni lile lile kila mara. Mtu kanunua kitabu kizuri cha mbegu za mbwa, kakisoma na watoto, wakakubaliana, mbwa akaletwa. Baada ya miezi michache bustani imechimbuliwa, majirani wanalalamika, na mbwa anatafutiwa mtu wa kumchukua.

Mara nyingi kitabu hakina kosa, ila kimesomwa kama katalogi ya nguo: msomaji anaanza na picha na kuishia kwenye picha. Hapa tutakisoma kinyume chake. Picha itakuja mwisho kabisa, na kabla yake kuna kazi ya kufanya.

## Vitu utakavyohitaji

- Kitabu kimoja cha mbegu za mbwa. Cha mtumba kinafaa, mradi kipite Hatua ya 1.
- Kitabu cha pili, cha malezi na mafunzo. Kitabu cha mbegu hakifundishi kulea, hata kama kina kurasa mbili za "vidokezo".
- Daftari na kalamu.
- Futi ya kupimia, ile ya fundi cherehani au ya fundi ujenzi.
- Intaneti kidogo. Kennel Club ya Uingereza, American Kennel Club na shirikisho la kimataifa la FCI ni vyama vya wafugaji wa mbwa, na wanaweka vigezo rasmi vya mbegu mtandaoni bure.
- Namba ya daktari wa mifugo aliye karibu nawe.
- Watu wote wa nyumbani kwa jioni mbili tatu, akiwemo dada wa kazi au mlinzi. Nyumba nyingi, wao ndio watakaomlisha mbwa, na hakuna anayewauliza.

## Hatua ya 1: Fungua nyuma ya ukurasa wa jina, utafute mwaka

Vitabu vingi vya mbwa vinavyouzwa kwenye mitumba ya Nairobi au Dar es Salaam vilitoka Uingereza miaka mingi iliyopita. Picha zake ni nzuri hadi leo. Ushauri wake si lazima uwe mzuri.

Tofautisha toleo na chapa. Kitabu kinaweza kuandikwa "chapa ya 2012" wakati maneno yaliyomo ni ya 1985, hayajaguswa. Unachotafuta ni mwaka wa toleo, yaani mara ya mwisho mwandishi alipokaa na kurekebisha.

Kuna sababu mbili kubwa za kujisumbua na mwaka.

Ya kwanza ni afya. Mwaka 2008 BBC ilirusha filamu ya uchunguzi kuhusu magonjwa yanayoletwa na kuzalisha mbwa kwa ajili ya sura. Mapema mwaka 2009 Kennel Club ikatangaza kurekebisha vigezo vya mbegu nyingi, na ikakataa kuendelea kusajili watoto waliozaliwa na mbwa ndugu wa tumbo moja, au mzazi na mwanawe. Kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kukusifia pua bapa na ngozi yenye mikunjo mingi kama ndiyo "sura halisi", wakati hayo ndiyo yanayomsumbua mnyama.

Ya pili ni mafunzo. Vitabu vya zamani vimejaa habari za mbwa "kutaka utawala" na mwenye nyumba kutakiwa kuwa "kiongozi wa kundi". Wazo hilo lilitokana kwa kiasi kikubwa na mbwa mwitu (wolf) waliofungiwa pamoja, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuwahusu mwaka 1947. Mtafiti mwingine, L. David Mech, alilieneza mwaka 1970, na mwaka 1999 yeye mwenyewe akaandika kulisahihisha: porini, kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao tu.

Tahadhari: Kitabu kikikwambia umlaze mbwa chali na kumkandamiza ili "ajue nani mkubwa", usikifuate. Mbwa aliyeogopeshwa namna hiyo huuma, na watoto watakaoiga wanakuwa na uso karibu na meno.

Utajua umefaulu ukiweza kusema toleo ni la mwaka gani. Likiwa la kabla ya 2009, kitumie kwa historia na picha, na mambo ya afya uyasome kwingine.

## Hatua ya 2: Pima nyumba yako kabla ya kusoma mbegu yoyote

Weka kitabu pembeni. Chukua daftari uandike majibu ya kweli, si ya kujisifu:

Uwanja una urefu na upana gani? Ukuta au uzio una kimo gani, na kuna tundu chini ya geti? Ni saa ngapi kwa siku nyumba inabaki tupu? Watoto wana umri gani? Mwenye nyumba anaruhusu? Nani ataamka saa kumi na mbili asubuhi kumtembeza?

Andika pia joto. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar anasoma kitabu tofauti na anayeishi Limuru au Mbeya, hata kama kitabu ni kimoja. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwili mzima kama sisi. Anapoa zaidi kwa kuhema, na hewa ikiwa ya joto na unyevu kuhema hakumsaidii sana.

Familia za Kiislamu za pwani zina swali la ziada ambalo vitabu vya Ulaya havilifikirii. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi au wa kuwinda anafugwa, lakini anakaa nje. Basi andika wazi kwamba mbwa wako ataishi uani. Mstari huo pekee unafuta vijibwa vyote vya mapajani, kwa sababu vimezalishwa kukaa na mtu karibu kutwa nzima na vikiachwa nje peke yao vinateseka.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja ambao mgeni akiusoma ataielewa nyumba yako bila kufika.

## Hatua ya 3: Soma kazi ya mbegu, ufunike picha

Sasa fungua kitabu. Funika picha kwa kipande cha karatasi. Nasema kweli, fanya hivyo. Tafuta aya inayoeleza mbegu ilizalishwa kwa kazi gani. Hiyo ndiyo aya yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Vitabu hupanga mbegu kwa makundi. Wamarekani na Waingereza wana makundi saba, FCI ina kumi. Usihangaike na tofauti hizo. Jiulize: kazi hii ikiletwa uani kwangu, itakuwaje?

Mbwa wa kuchunga. Border Collie alizalishwa kukimbiza kondoo siku nzima na kuwakusanya. Ukikosa kondoo, ataanza kuchunga watoto, baiskeli na bodaboda, na wengine huwang'ata visigino. German Shepherd naye asili yake ni mchungaji. Max von Stephanitz alianza kuisajili mbegu hiyo Ujerumani mwaka 1899, na alichotaka ni mbwa wa kazi. Ukimfunga kwenye kibanda mchana kutwa na kumfungulia usiku tu, akili ile yote inageuka kelele na hasira.

Mbwa wa kuokota mawindo. Mababu wa Labrador walifanya kazi na wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada, wakivuta nyavu na kuokota samaki walioponyoka. Kwa hiyo atabeba viatu, atabeba nguo kwenye kamba, na maji yoyote yatakuwa yake. Hana tatizo na watu, na ndiyo maana si mlinzi mzuri. Atakayemnunua kwa ajili ya wezi amepoteza fedha.

Terrier. Hawa walifukuza panya, sungura na mbweha hadi mashimoni. Jack Russell ni mdogo, lakini atachimba chini ya uzio na kuku wa jirani hawatapona. Udogo wa mwili umewadanganya wengi.

Mbwa wa kulinda na kukokota. Rottweiler alisindikiza ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji huko Rottweil, Ujerumani. Dume anafika kilo 50. Si mbwa wa mtu anayejifunza kufuga.

Wawindaji. Rhodesian Ridgeback, ambaye vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, alitumika kumzingira simba hadi mwindaji afike. Anastahimili jua na ana nafasi moyoni mwa watoto wa nyumba yake, ila anahitaji kukimbia hasa, si kuzunguka gari.

Halafu yuko Basenji, wa misitu ya Kongo. Vitabu vinamtaja kama mbwa asiyebweka, na wanunuzi wa magorofani hushangilia. Kweli habweki kama wengine, lakini si bubu: anatoa mlio kama wa kuimba, na akikasirika anapiga kelele za kutisha. Tena ni mwindaji wa kujiamulia mwenyewe. Akiona kitu kinakimbia, jina lake amelisahau.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtoto wa miaka kumi kazi ya kila mbegu uliyoiweka alama, kwa sentensi moja, bila kutaja rangi wala manyoya.

## Hatua ya 4: Fasiri maneno matamu

Waandishi wa vitabu vya mbegu ni wapenzi wa mbwa, na wengi ni wafugaji wa mbegu hiyo hiyo wanayoiandika. Kama mzazi anayemsemea mwanawe posa, hawadanganyi, wanachagua maneno. Jifunze kuyafasiri.

"Ana akili nyingi" maana yake asipopewa kazi atajitafutia, na hutaipenda. "Anajitegemea" maana yake ukimwita anafikiria kwanza. "Si mwepesi kwa wageni" maana yake mjomba akija Krismasi mfunge mbwa. "Mchangamfu" maana yake mtoto wa miaka miwili ataangushwa kila siku. "Manyoya yake yanahitaji uangalizi" maana yake brashi kila siku, au manyoya yanasokotana hadi yanakatwa na mkasi.

Lakini usivuke mpaka upande wa pili ukaamini kila neno kuhusu tabia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la *Science*, uliotumia majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Mbegu inakwambia mwelekeo. Mbwa atakayekaa kwako utamjua kwa kumwona yeye na mama yake, na huko tutafika.

## Hatua ya 5: Sura ya magonjwa, kalamu mkononi

Kitabu kisichotaja magonjwa ya kurithi kwa kila mbegu kirudishe rafuni. Kinachotaja, soma na uandike swali moja la kumuuliza muuzaji kwa kila ugonjwa.

German Shepherd, Labrador na Rottweiler wana tatizo la nyonga zisizokaa vizuri kwenye kikombe chake. Swali: wazazi walipigwa eksirei ya nyonga? Nionyeshe.

Labrador hunenepa upesi, na si uroho tu. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza hitilafu katika jeni iitwayo POMC, waliyoikuta kwa karibu Labrador mmoja kati ya wanne waliopimwa, inayoendana na njaa na uzito. Swali hili ni la nyumbani kwako: nani atapima chakula, na nani atawazuia bibi na watoto wasimmegee chapati?

Ridgeback anaweza kuzaliwa na kitundu chembamba kinachoingia chini ya ngozi ya mgongo au shingo. Dalmatian wengine huzaliwa viziwi wa sikio moja au yote mawili.

Bulldog, Pug na French Bulldog wana pua fupi, na njia yao ya hewa imebanwa. Hapa nitasema bila kuzunguka: kwa Mombasa, Dar, Zanzibar au Muscat, usiwanunue. Joto la mchana linaweza kumuua mbwa wa namna hiyo kwenye uani wenye kivuli, na mashirika mengi ya ndege hayataki kumbeba.

Tahadhari: Muuzaji akisema "hii mbegu haiugui", umepata jibu lako. Ondoka.

## Hatua ya 6: Andika sura ambayo kitabu hakina

Kitabu kilichoandikwa kwa nyumba ya Surrey, Uingereza, au Ohio, Marekani, hakijui maisha ya mbwa wa kwetu. Hii ndiyo hatua inayookoa mbwa wengi, na hakuna atakayekuandikia isipokuwa daktari wako wa mifugo. Mpigie, umwulize haya, uyaandike kwenye kurasa tupu za nyuma ya kitabu.

Kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hakai kwenye majani tu. Anapanda ukutani na kujificha kwenye nyufa za kibanda, kwa hiyo kumwogesha mbwa bila kutibu kibanda ni kazi bure. Homa za kupe humwanza mbwa polepole: anakataa kula, ufizi unapauka, wengine hutoka damu puani. Mbwa aliyetoka Ulaya au nyanda za baridi huweza kuangushwa na homa hizo vibaya. Uliza dawa gani ya kinga inafanya kazi eneo lako na inagharimu kiasi gani kwa uzito wa mbegu unayoitaka. Dawa nyingi huuzwa kwa kilo, na mbwa wa kilo 40 si sawa na wa kilo 11.

Kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa huambukizwa na mbwa. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu na jeraha ni dogo.

Funza wa ngozini. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na matandiko yenye unyevu wa mkojo. Funza huingia chini ya ngozi na kufanya uvimbe wenye tundu. Tandiko la mbwa lifuliwe, likauke juani kabisa, na lipigwe pasi pale nzi huyo alipo.

Mbung'o. Karibu na mbuga au vichaka vya pwani, uliza kuhusu nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mbwa hukonda, ana homa, na macho yanaweza kuingia ukungu.

Chakula. Unga wa mahindi yaliyoota ukungu usimpe, hata ukiuchemsha. Sumu ya aflatoksini haiishi kwa moto wa jikoni, na inaharibu ini. Kitabu kitakukataza chokoleti, zabibu na vitunguu. Wa Murang'a, Embu na Kirinyaga waongeze makadamia: mbwa akizila miguu ya nyuma inalegea na anatapika.

Utajua umefaulu ukiwa na gharama ya mwezi mmoja iliyoandikwa kwa namba, chakula na dawa pamoja. Familia nyingi hubadili mawazo hapa, na ni afadhali wabadili sasa.

## Hatua ya 7: Kikao cha nyumbani

Leta daftari na kitabu mezani. Kila mtu apewe nafasi ya kukataa mbegu moja bila kueleza sababu. Mtoto anayeogopa mbwa wakubwa asibishiwe.

Punguzeni mpaka zibaki mbegu mbili. Kisha ongezeni ya tatu ambayo haimo kitabuni: mbwa wa kienyeji. Mababu zake wamechujwa na kupe, jua na makombo kwa vizazi vingi, na uani kwa familia ya kawaida mara nyingi yeye ndiye mbwa sahihi. Nairobi, KSPCA, shirika la kutetea wanyama, huwatafutia mbwa waliookolewa watu wa kuwachukua. Mchanje, mpe dawa ya minyoo na mfundishe kama ambavyo ungemfundisha wa bei kubwa.

Sasa ondoeni karatasi kwenye picha. Watoto watazame watakavyo.

Kabla ya kufunga kikao, wasomeeni watoto sehemu ya ishara za mwili kutoka kitabu cha pili: masikio yaliyolala nyuma, mwili uliokakamaa, kulamba midomo, kugeuza uso. Sheria ni hizi: mbwa anayekula haguswi, anayelala haamshwi, na hakuna kumkumbatia shingoni.

## Hatua ya 8: Nenda kwa mfugaji na ukurasa wako

Usinunue kwa picha ya simu. Nenda ukamwone mama akiwa na watoto wake. Mama anayejificha, anayetetemeka au asiyekuwepo ni sababu ya kuondoka.

Mtoto asichukuliwe kabla ya wiki 8. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, katika kazi yao ya mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 ndipo mtoto wa mbwa hujifunza kuwazoea watu na mbwa wenzake. Aliyefungiwa gizani wiki hizo atabaki mwoga, awe na cheti au asiwe nacho. Uliza: wamezoea sauti za watoto? Wamewahi kukanyaga nyasi?

Fanya ukaguzi kwa mikono. Macho na pua viwe safi, tumbo lisiwe limejaa kama puto, dalili ya minyoo. Kwa Ridgeback, pitisha vidole na kuinua ngozi taratibu kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ukigusa kitu kama uzi chini ya ngozi, mwache hadi daktari amwone. Kwa Dalmatian, kupiga makofi nyuma yake kunasaidia, lakini hakugundui uziwi wa sikio moja.

Kenya, cheti cha nasaba kinatolewa na East Africa Kennel Club, na jina la mama kwenye cheti liwe la huyo huyo unayemwona mbele yako. Kumbuka cheti kinathibitisha ukoo. Afya inathibitishwa na daktari.

Hakuna mtoto anayelingana na ukurasa wako? Acha namba ya simu, usiache arbuni. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, ongeza wiki 8 za kunyonya na kukua: jike akipandwa leo, watoto wako tayari baada ya miezi minne. Muda huo tumia kuziba tundu la chini ya geti.